Baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo: miaka kumi, ishirini mbele kunakuwaje?

Sista Wodini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya moyo, upande wa wale wanaorudi kuangaliwa baada ya kuzibuliwa mishipa kwa puto na kuwekewa stenti. Swali linaloongoza pale kwetu ni hili: "Sista, hiki kitu kinadumu miaka mingapi?" Anauliza mgonjwa, anauliza mke wake, anauliza mtoto aliyemsindikiza. Naelewa linatoka wapi. Mtu anatoka wodini akiamini amefungiwa kipuri, na kila kipuri kina siku yake ya kuchakaa, basi anakaa kuisubiri siku hiyo. Wengine wanaamini kinyume chake: tatizo limeondolewa, mambo yamekwisha, dawa za nini tena? Hawa wa pili ndio wanaoninyima usingizi.

Kwanza kinachofanyika. Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa kinena mpaka kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Palipobana panapanuliwa kwa puto dogo, na mara nyingi inaachwa stenti pale, yaani kijibomba cha wavu wa chuma chembamba sana, ishikilie ukuta usirudi kubana. Katika wiki na miezi inayofuata utando wa ndani wa mshipa unakua juu ya zile nyaya na kuzifunika. Baada ya hapo stenti ni sehemu ya ukuta wa mshipa. Haishiki kutu, haihami, na hakuna siku ya kuja kubadilishiwa.

Zamani haikuwa hivi. Angioplasti, yaani huko kuzibua kwa puto, ya kwanza ya mishipa ya moyo ilifanywa na Andreas Grüntzig mjini Zurich, Septemba 16, 1977, kwa puto tupu, stenti hazijakuwepo. Mgonjwa alikuwa na miaka 38. Alipopigwa picha tena miaka kumi baadaye mshipa ulikuwa wazi, na zaidi ya miaka ishirini baadaye bado ulikuwa wazi. Wale 169 wa mwanzo kabisa wa Zurich walifuatiliwa miaka kumi, na karibu 9 kati ya 10 walikuwa hai. Lakini puto peke yake lilikuwa na udhaifu mkubwa: kwa wagonjwa kama theluthi moja, wakati mwingine hata zaidi, mshipa ulibana tena ndani ya miezi sita. Stenti za kwanza kwa binadamu ziliwekwa mwaka 1986 na Jacques Puel na Ulrich Sigwart. Utafiti wa BENESTENT uliotoka 1994 ulionyesha kubana tena kumeshuka kutoka 32% kwa puto hadi 22% kwa stenti. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja stenti zilizopakwa dawa inayozuia kovu kuota kupita kiasi ndani ya mshipa. Mojawapo ya dawa hizo, sirolimu, asili yake ni bakteria wa kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Huwa nawasimulia wagonjwa habari hiyo na wanaipenda sana. Kwa stenti za kisasa, wanaolazimika kurudi kuzibuliwa palepale ndani ya mwaka ni wachache.

Sasa fikeni kwenye kiini cha uzi wangu. Utafiti uitwao PROSPECT, uliochapishwa 2011, uliwafuatilia wagonjwa 697 waliopata mshtuko wa moyo au dalili zake za karibu na kuzibuliwa. Ndani ya miaka mitatu, kama mmoja kati ya watano alipata tatizo jingine la moyo. Walipochunguza tatizo limetoka wapi, 12.9% ya wagonjwa wote walipata tatizo lililotoka palepale palipotibiwa, na 11.6% walipata lililotoka sehemu nyingine kabisa za mishipa, nyingi zikiwa sehemu ambazo siku ya kwanza zilionekana zimebana kidogo tu, si za kutisha.

Hilo ndilo ninalotamani kila anayetoka wodini alijue. Ugonjwa wa mafuta kwenye mishipa unakaa kwenye ukuta wote, kama unyevu ndani ya nyumba: umekwangua na kupaka rangi pale palipovimba, lakini unyevu ungali ukutani. Miaka yako kumi ijayo inaamuliwa zaidi na unavyoushughulikia ukuta mzima kuliko ile nukta moja yenye chuma.

Karibuni tujadili. Waliowekewa, wanaouguza, na madaktari kama mpo.

---

Hoja Kwanza

Uzi mzuri, sista, lakini nina hoja. Nimesoma juu ya utafiti wa COURAGE wa 2007. Wagonjwa 2,287, nusu wakapewa dawa na stenti, nusu dawa peke yake. Baada ya miaka kama minne na nusu, waliokufa au kupata mshtuko wa moyo ni 19% upande mmoja na 18.5% upande wa pili. Hakuna tofauti. Wakaja kuwaangalia tena waliofuatiliwa hadi miaka 15, bado hakuna tofauti ya vifo. Kama ndivyo, kwa nini watu wanaendelea kuwekewa? Nauliza kwa nia njema, maana shemeji yangu ameambiwa awekewe na familia imegawanyika.

---

Tabibu wa Zamu

Mkuu Hoja Kwanza, namba zako ni sahihi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya moyo, nitakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili.

Jambo la kwanza ni mshtuko wa moyo unaoendelea. Donge la damu limeziba mshipa, misuli ya moyo inakufa dakika kwa dakika. Hapo kuzibua haraka kunaokoa maisha, na hakuna ubishi. Mgonjwa akifika, tunataka mshipa uwe wazi ndani ya dakika 90, na kila dakika inayopotea ni misuli inayopotea. Na misuli ile hairudi. Ukiniuliza mgonjwa wa mshtuko atakuwaje miaka kumi mbele, kabla sijaangalia stenti yake nitaangalia eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti: chumba cha kushoto kinasukuma damu kwa nguvu kiasi gani? Aliyewahishwa na moyo wake ukabaki na nguvu ana njia tofauti kabisa na aliyekaa nyumbani usiku kucha akidhani ni kiungulia.

Jambo la pili ni maumivu ya kifua yaliyotulia: mtu akipanda ngazi kifua kinabana, akipumzika kinaachia, na imekuwa hivyo kwa miezi. Hawa ndio COURAGE iliwasoma. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, ISCHEMIA, watu 5,179, na jibu likawa lilelile: kwa wengi wao, kuanza na stenti au upasuaji hakukupunguza vifo kuliko kuanza na dawa nzuri. Ila waliokuwa wakiumwa mara kwa mara walipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu.

Kuna na ORBITA, 2017. Wagonjwa 200, nusu waliwekewa stenti, nusu walilazwa mezani wakapitishiwa mrija bila kuwekewa chochote, na hawakujua wako upande gani. Baada ya wiki sita tofauti ya muda wa kukimbia kwenye mkanda ilikuwa ndogo mno kuhesabika. Watu wakasema stenti imekwisha. Lakini wale walikuwa wanatumia dawa za maumivu za kutosha. Watafiti walewale wakarudi na ORBITA-2 mwaka 2023, wagonjwa 301, safari hii dawa za maumivu zikasimamishwa, na waliowekewa stenti wakaumwa kidogo kuliko waliopata igizo.

Kwa hiyo shemeji yako muulizeni daktari wake swali moja: hii stenti ni ya kumrefushia maisha au ya kumwondolea maumivu? Yote mawili ni sababu halali. Mtu ambaye hawezi kutembea hadi chooni bila kifua kubana, kumwondolea adha hiyo ni tiba ya kweli. Tahadhari mbili tu: kama mshipa mkuu wa kushoto ndio umebana, au moyo umeshalegea, maelezo ya COURAGE na ISCHEMIA hayamhusu, kwa sababu wagonjwa wa aina hiyo karibu wote hawakuingizwa humo.

---

Hoja Kwanza

Nimekuelewa kabisa, daktari. Nitawapelekea swali hilo kama lilivyo.

---

Mzee Kheri

Wanangu, niwape la mtu aliyeko ndani yake. Mimi niliwekewa stenti zaidi ya miaka kumi iliyopita baada ya mshtuko wa moyo. Nilikuwa mvutaji wa sigara tangu ujana.

Miezi ya mwanzo hakuna anayekuambia habari ya woga. Kila kitu kinachochoma kifuani unahisi ndicho kile. Nililala nimekaa, mgongo ukutani, kwa sababu nikilala chali nasikia moyo unapiga kwenye mto. Nilikataa kumbeba mjukuu. Ikabidi mke wangu aende mwenyewe kliniki akaulize, kwa sababu mimi niliona aibu kuuliza kama naruhusiwa tendo la ndoa. Akajibiwa vizuri tu: akiweza kupanda ngazi ghorofa mbili bila kifua kubana, aendelee na maisha yake.

Kilichonitoa kwenye woga ule ni mazoezi ya pamoja. Tulipelekwa kwenye kikundi cha waliotoka kuzibuliwa, tunatembea, tunapimwa presha, tunatembea tena. Unamwona mwenzako aliyefungiwa stenti tatu anakupita mbio. Siku hiyo nikarudi nyumbani nikalala chali.

Na ni kweli anachosema sista. Miaka kadhaa baadaye maumivu yalirudi, nikajua stenti imeziba. Kupiga picha, stenti iko wazi kama siku ya kwanza. Kilichobana ni mshipa mwingine kabisa. Nikawekewa ya pili.

---

Sista Wodini

Shikamoo mzee Kheri, na asante sana kwa kusema lile la woga. Tunaona kliniki watu wanaoacha kutoka nje ya nyumba wakati moyo wao ni mzima wa kutosha. Wengine wanaangukia kwenye sonona, na mwenye sonona anaacha dawa, anaacha kutembea, anarudi kuvuta. Kwa hiyo kuuliza "unalala vipi, unafurahia chochote siku hizi?" ni sehemu ya matibabu ya moyo. Hayo mazoezi ya kikundi yamefanyiwa tafiti nyingi: yanapunguza vifo vya moyo na yanapunguza kulazwa tena. Ni tiba ambayo watu wanaiacha kirahisi kwa sababu haina sindano.

Angalizo moja juu ya tendo la ndoa, kwa sababu najua wanaume wengi mnasoma kimyakimya: kama unatumia dawa ya naitreti ya maumivu ya kifua, ile ya kuweka chini ya ulimi au ya vidonge, usiguse sildenafili na jamii yake, yaani dawa za nguvu za kiume. Presha inaweza kushuka ghafla ikakumaliza. Semeni kliniki, hakuna atakayewacheka.

---

Binti wa Baba

Samahani nimechelewa kuingia. Nina jambo linanitia hofu na nimesoma uzi huu mara mbili. Baba yangu aliwekewa stenti mbili baada ya mshtuko wa moyo. Ni miezi minne sasa. Aliandikiwa asipirini na klopidogreli, dawa mbili za kuzuia damu isigande, pamoja na dawa nyingine. Juzi nimegundua kasha la klopidogreli limejaa. Anasema ameziacha kama wiki mbili kwa sababu mikono ina madoadoa meusi kila anapojigonga, na tena kuna jino linataka kung'olewa, jirani akamwambia aache dawa za damu kwanza. Anajisikia vizuri kabisa. Anasema kama zingekuwa muhimu angekuwa ameshaanguka. Nifanye nini?

---

Sista Wodini

Dada yangu, usisubiri uzi huu. Piga simu leo hii kliniki au hospitali alikowekewa, waeleze kama ulivyotueleza hapa, uwaambie ni miezi minne na ameacha wiki mbili. Wao ndio watakaokuambia arudishe vipi. Akipata kifua kubana, jasho la ghafla, kukosa pumzi, hapo usipige simu kliniki, mpeleke dharura moja kwa moja.

Nikupe na sababu, ili ukizungumza naye uwe na cha kumwambia. Zile nyaya, kabla utando haujazifunika vizuri, damu inaziona kama kitu kigeni, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinataka kujikusanya juu yake. Donge likitengenezwa ndani ya stenti, mshipa unaziba wote kwa mara moja. Hakuna dalili za kutangulia, hakuna kuumwa kidogokidogo. Ndiyo maana kujisikia vizuri hakumwambii chochote. Tatizo hili ni adimu sana kwa anayemeza dawa zake, lakini likitokea huleta mshtuko mkubwa wa moyo na si wachache hufariki.

Kuna utafiti wa wagonjwa 500 waliowekewa stenti zenye dawa baada ya mshtuko wa moyo, uliotoka 2006. Kama mmoja kati ya saba alikuwa ameacha dawa hizi ndani ya mwezi wa kwanza. Katika miezi 11 iliyofuata, walioacha walikufa 7.5%, walioendelea 0.7%. Ni kweli walioacha walikuwa na matatizo mengine pia, lakini pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza.

Kuhusu jino: mara nyingi daktari wa meno anaweza kung'oa bila dawa kusimamishwa, anatumia njia za kuzuia damu palepale. Kinachotakiwa ni azungumze na daktari wa moyo kabla. Jirani asiingie kati ya hao wawili. Na upasuaji wowote usio wa dharura, inafaa usubiri mpaka kipindi cha dawa mbili kiishe.

---

Tabibu wa Zamu

Nakazia alichosema sista, na niongeze la madoadoa. Yale ya mikononi yanakera lakini kwa kawaida hayana hatari. Ya kuogopa ni choo cheusi kama lami, kutapika damu, kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote. Kama tumbo linamsumbua tunaongeza dawa ya kulinda tumbo. Ila msinunue wenyewe, kwa sababu omeprazoli inapunguza nguvu ya klopidogreli, zipo nyingine za jamii hiyo tunazozipendelea.

Watu wanauliza dawa mbili ni za muda gani. Aliyepata mshtuko wa moyo, kawaida ni miezi 12. Aliyewekewa kwa maumivu yaliyotulia, kawaida ni miezi 6. Mwenye hatari kubwa ya kutokwa damu tunaweza kufupisha hadi mwezi mmoja au mitatu, na kwa stenti za sasa zenye nyaya nyembamba hilo linawezekana kwa usalama zaidi kuliko zamani. Baada ya hapo inabaki dawa moja, mara nyingi asipirini, ya maisha. Kufupisha kunaruhusiwa. Kufupisha kimyakimya nyumbani ndiko kunakoua watu.

---

Binti wa Baba

Nimepiga. Wamesema nimlete leo kabla ya saa kumi. Tunatoka.

---

Nuru ya Jioni

Mungu amsimamie mzee.

Mimi nina kisukari miaka mingi, na picha imeonyesha mishipa yangu mitatu yote imebana. Nilikuwa nimejiandaa kwa stenti, daktari akaniambia kwangu baipasi ni bora, yaani upasuaji wa kuipitisha damu kando ya palipobana. Kupasuliwa kifua! Nimekimbia. Je, ni kweli au wanapenda tu kupasua watu?

---

Tabibu wa Zamu

Dada Nuru, woga wako ni halali, lakini daktari wako amekushauri kwa kufuata ushahidi uliosimama imara. Utafiti wa FREEDOM wa 2012 uliwachukua watu kama wewe hasa: kisukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyobana, wagonjwa 1,900. Baada ya miaka mitano, waliokufa au kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ni 26.6% kwa stenti na 18.7% kwa baipasi. Kiharusi peke yake kilikuwa zaidi upande wa baipasi, lazima uambiwe na hilo, lakini vifo na mishtuko ya moyo vilipungua vya kutosha kushinda hesabu. Na SYNTAX, uliofuatilia wagonjwa 1,800 hadi miaka kumi, ulionyesha kwamba wenye mishipa mitatu iliyobana waliishi zaidi wakifanyiwa baipasi.

Sababu yake inarudi palepale alipoanzia sista. Kisukari hushambulia mshipa kwa urefu wake wote. Stenti inatibu nukta. Baipasi inapitisha damu mpya hadi mbele ya eneo bovu, kwa hiyo hata ukuta ukiendelea kuharibika pale nyuma, misuli bado inalishwa. Unalipia faida hiyo kwa maumivu na miezi ya kupona mwanzoni, na unaivuna miaka ya mbele. Rudi kwa daktari wako. Omba ukae naye pamoja na mpasuaji, wote wawili chumba kimoja, mbele ya picha yako.

---

Nuru ya Jioni

Asante, daktari. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Waliniambia tu "wewe baipasi". Nitarudi.

---

Kijana wa Takwimu

Nina maswali mawili. La kwanza: ukivuka mwaka wa kwanza salama, hatari ya stenti yenyewe inakwisha? La pili: kama mzee Kheri siku ya mshtuko alikuwa tayari na mishipa mingine iliyobana, kwa nini wasiizibue yote?

---

Tabibu wa Zamu

La kwanza: haikwishi, inapungua na kutulia. Data za majaribio mengi zikijumlishwa, zaidi ya wagonjwa 25,000, zinaonyesha baada ya mwaka wa kwanza matatizo yanayotokana na pale penye stenti yanaendelea kwa kama 2% kila mwaka, na hata kufikia mwaka wa tano hayajakoma. Sehemu ya sababu ni kwamba ndani ya stenti nako mafuta mapya yanaweza kujenga. Kuliwahi kuwa na matumaini makubwa kwa stenti zinazoyeyuka, wazo likiwa chuma kisibaki. Ile iliyojulikana zaidi ilileta madonge mengi kuliko stenti za chuma, na ikaondolewa sokoni 2017.

La pili: wa mzee sijaiona picha yake, lakini kwa mshtuko mkubwa siku hizi tunazibua. Utafiti wa COMPLETE wa 2019, watu 4,041, ulionyesha kwamba kurudi kuzibua na mishipa mingine iliyobana sana kulipunguza vifo vya moyo na mishtuko mipya kutoka 10.5% hadi 7.8% katika miaka kama mitatu. Haikuwa lazima kufanya siku hiyohiyo. Enzi za mzee wengi waliachwa.

---

Binti wa Baba

Tumerudi. Amekatazwa kuacha tena, amerudishiwa klopidogreli pale pale kwa kipimo cha kuanzia, wamempiga kipimo cha umeme wa moyo na hakuna jipya. Jino litang'olewa wiki ijayo bila kusimamisha kitu, madaktari wamewasiliana. Muuguzi alimkalisha chini akamchorea mshipa na stenti kwenye karatasi. Baba ameikunja akaiweka mfukoni. Sasa anauliza yeye mwenyewe: arudi kupigwa picha ya mishipa kila mwaka ili kuangalia kama iko wazi?

---

Sista Wodini

Alhamdulillahi, dada. Umefanya kazi kubwa leo.

Jibu kwa mzee: kama hana dalili, hapana. Watu wanadhani kupiga picha kila mwaka ni kujali, lakini ilipimwa. Utafiti wa POST-PCI wa 2022 uliwachukua wagonjwa 1,706 wenye hatari kubwa waliokwisha kuzibuliwa, nusu wakafanyiwa kipimo cha kuusumbua moyo baada ya mwaka mmoja hata kama hawaumwi, nusu wakaachwa mpaka waumwe. Baada ya miaka miwili hakukuwa na tofauti ya maana: waliokufa, kupata mshtuko wa moyo au kulazwa kwa maumivu ya kifua yasiyotulia ni 5.5% na 6%. Picha ya mishipa yenyewe ina hatari zake, ndogo, lakini zipo, hasa kwa figo.

Vipimo vya kumfuatilia ni hivi vya kawaida, na ndivyo wengi wanavikwepa. Lehemu mbaya, ile LDL: kwa mtu aliyewekewa stenti tunataka ishuke chini ya 1.4 mmol/L, au 55 mg/dl kama maabara yenu inasoma hivyo. Mwambie aulize namba yake kwa jina, asikubali kuambiwa "iko sawa". Wengi hawafiki hapo kwa statini, dawa ya kushusha lehemu, ya dozi ndogo, inabidi kuongeza dozi au kuongeza dawa ya pili. Presha. Sukari. Kama kuna sigara ndani ya nyumba hiyo, hata ya mtu mwingine, itoke.

Na dalili za kurudi: maumivu yaleyale ya kifua akitembea, yakianza kurejea taratibu, hasa ndani ya mwaka wa kwanza, mara nyingi ni mshipa unaobana tena. Hayo yanasubiri miadi ya karibu. Yakija amepumzika, yakidumu zaidi ya dakika chache, au yakiandamana na jasho na kukosa pumzi, hayasubiri.

Mwombe pia kadi ya stenti, kama hawakumpa. Inaandikwa aina, ukubwa, mshipa gani na tarehe. Aiweke pamoja na ule mchoro. Akienda kupigwa picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, siku moja wataiuliza, na stenti za moyo za kisasa hazimzuii kupimwa.